Bingwa Anaangushwa Mara ya Pili

Wale mlionilaani wiki nzima kwamba nimewakatia utamu, poleni. Si mimi niliyekata, ni nafasi ya gazeti ndiyo iliyokwisha. Haya, rudini ulingoni, maana Ambrose Kilgallen bado amesimama palepale mlipomwacha, na glavu ya Digory Pascoe ndiyo kwanza imemgusa begani.

Imemgusa tu, haikumpiga. Hata hivyo mkono wote wa Ambrose uliingia ganzi hadi vidoleni.

Ile haikuwa ngumi ya mtu. Ndani ya glavu ile mlikuwa na jiwe.

Kwa aliyefungia samaki gazeti la wiki jana, nisimulie kwa ufupi. Jana, katika ulingo huuhuu wa mbao za msonobari, hapa Copper Wells, Nevada, Ambrose alimlaza Pascoe, mchimba madini mzaliwa wa Cornwall, ng'ambo ya bahari, na akabaki kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Watu walijionea kwa macho. Kamera haikuona. Raundi ya tatu upepo ulileta vumbi la jangwani likafunika jua, na Bwana Wexler mpiga picha akaambulia giza tupu.

Ndiyo maana asubuhi hii mabondia wamerudishwa kupigana upya kwa kuigiza. Kila kitu kiwe kama jana. Raundi ya tatu Ambrose aanguke kwa konde la kulia, ahesabiwe hadi tisa, ainuke. Mbele ya safari Pascoe naye aanguke asiinuke. Makonde ya uongo, picha ya kweli.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia. Siku ya pambano la kweli, kila kambi hutuma mtu chumbani kwa mwenzake akatazame mikono inavyofungwa bandeji, asije mtu akaficha chuma humo. Leo hakutumwa mtu. Nani atume mlinzi kwenye mchezo wa kuigiza?

Na jambo la pili, ambalo dunia haikulijua. Tangu jana jicho la kushoto la Ambrose halikuwa likiona kitu. Lilikuwa zima kwa nje, ndani limezimika. Lilibaki la kulia tu. Usiku alimwambia mkewe, Honora, na akamwapisha asimwambie mtu.

Kwa hiyo Ambrose alirudi nyuma. Akarudi tena, mpaka kamba zikamkata mgongoni.

"Unakwenda wapi wewe?" Wexler alifoka nyuma ya kamera, mkono wake ukiendelea kuzungusha. "Jana hukurudi nyuma. Simama uangushwe."

Pascoe alimfuata. Uso ulikuwa umempauka, na jasho lilimtiririka ilhali asubuhi ilikuwa bado na baridi.

"Njoo, kaka," alinong'ona. "Tulimalize hili."

"Glavu yako ina nini?"

"Ina mkono."

"Mkono gani mzito hivyo?"

Pascoe aliinua ngumi ileile ya kulia, taratibu, na macho yake yalikuwa yametulia kwenye shavu la kulia la Ambrose.

Msomaji, huyu ni mtu aliyepasua barafu ya mto Hudson tangu ubavu wake haujakomaa. Alikwisha kuona farasi na gari lake wakizama kwenye ufa, yeye akakaza kamba kuwavuta. Ulingoni hajawahi kuogopa hata mara moja. Lakini mtu mwenye macho mawili na mtu mwenye jicho moja si mtu yuleyule. Konde moja la jiwe upande ule, na Ambrose angeshikwa mkono kwenda kanisani mpaka siku ya kuzikwa. Magoti yakaanza kumcheza, akamshukuru Mungu kwamba kaptura yake ni ndefu.

Akainua mkono juu. "Simamisha."

Sauti ya kamera ikakatika. Wexler alitukana tusi ambalo gazeti hili halichapishi.

Kwenye viti palikuwa na kikundi cha wachimba madini waliohongwa bia waje wajifanye umati. Kamera ikigeuka huku, wanahamishwa huku na kubadilishana kofia, wapate kuonekana wengi. Hao nao wakapata la kusema.

"Bingwa anaogopa picha."

"Mwiteni mama yake amshike."

"Jamani msimseme, huenda anaogopa haitamtoa vizuri."

Mzee Loomis alipanda ulingoni akihema. Huyu ndiye meneja wa Ambrose, mzee mfupi wa kitambi, ambaye koti lake hunuka daima dawa ya kuchulia farasi. Ndiye aliyemtoa kwenye mazizi ya kampuni ya barafu kule Troy, kando ya mto Hudson, akamfundisha kusimama, kupumua, kupiga. Hajawahi kumwita kwa jina. Humwita mwanangu.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Nataka glavu zake zifunguliwe."

"Kwa mchezo huu?" Loomis alicheka kidogo. "Jua linapanda, na Wexler anataka kuniua. Usituaibishe."

"Zifunguliwe, mzee."

Loomis akamsogelea. Lakini swali aliliuliza kwa sauti ya kusikika na wote.

"Unaogopa?"

Bingwa wa dunia atajibu nini mbele ya watu? Akisema ndiyo, kufika jioni magazeti ya San Francisco yatakuwa yanalo. Akisema hapana, arudi katikati apokee jiwe. Ambrose alifungua mdomo.

"Mimi naogopa," ilisema sauti ya mwanamke.

Honora alikuwa amekwisha kuinua sketi yake na kupanda ngazi za ulingo. Mkononi alikuwa na mkasi aliokuwa akikatia utepe wa kijani wa kiunoni mwa mumewe. Macho yake yalikuwa mekundu, nami nawaomba mkumbuke hayo macho.

"Mke akiogopa si aibu," alisema. "Lete mkono, Bwana Pascoe."

"Mama, shuka," alisema Loomis. "Ulingoni haingii mwanamke."

"Leo si ulingo, mzee. Leo ni mchezo wa kuigiza. Umesema mwenyewe sasa hivi."

Wachimba madini wakaguna kwa kufurahi. Pascoe aliuficha mkono nyuma ya mgongo.

"Usinishike, mama. Nakusihi."

"Kwa nini?"

"Nakusihi tu."

Kumsihi kwenyewe ndiko kulikomponza. Ambrose alimbana begani kwa mkono wake mzima, Honora akapitisha mkasi kwenye kamba za glavu, akavuta. Pascoe alitoa sauti ambayo jana, kwa raundi zote alizopigwa, hakuitoa.

Glavu ikatoka. Chini yake mkono ulikuwa mweupe na mgumu kama kigingi. Ilikuwa plasta iliyokauka.

Viti vikaanguka. Watu wakaruka kamba ya kwanza wakielekea ya pili, na mmoja alikuwa na chupa mkononi. Ambrose naye damu ilimpanda. Aliinua ngumi juu ya kichwa cha Pascoe, na hofu yote ya asubuhi ile ilikuwa imegeuka hasira.

"Umevunjika," alisema Pascoe, akijikinga kwa mkono wa kushoto. "Mkono umevunjika, kaka. Jana, juu ya utosi wako. Daktari alinifunga plasta jioni."

Ngumi ya Ambrose ikabaki hewani.

"Ukaunyamazia?"

"Ningesema, wangemvika mtu mwingine kaptura yangu, wampige picha kwa mbali. Hawa watu wa kamera si ndivyo wanavyofanya?" Wexler akatazama viatu vyake. "Mama yangu yuko Cornwall. Hajui kusoma. Barua zangu anasomewa na mhubiri, na nusu ya anachosomewa haamini, anadhani mhubiri anamfariji. Picha ikifika kwao ataniona mwenyewe, nimesimama mbele ya bingwa. Sikutaka aje amlilie mtu asiye mwanawe."

Yule mwenye chupa aliishusha polepole. Mwingine akavua kofia, akakumbuka si yake, akamrudishia mwenyewe.

Aibu ilimshika Ambrose, na nyuma ya aibu ikaja nafuu, na nyuma ya nafuu kicheko. Alicheka mpaka mbavu za jana zikamuuma. Pascoe naye akacheka akilia.

"Mwenzangu, ungeninong'oneza tu."

"Ungenihurumia. Na bondia akishahurumiwa, amekwisha."

Loomis peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama Honora, na Honora alikuwa akiutazama mkasi.

Mambo yakapangwa upya. Glavu ilirudishwa ikafungwa kwa utepe wa kijani, Pascoe akaambiwa konde lake lipite mbele ya pua, lisiguse. Wexler aliapa kwamba kwenye picha hakuna atakayejua. Honora akashuka kwenye kiti chake, umati bandia ukahamia upande wa pili, kengele ikalia, kamera ikaanza.

Wakazunguka, wakakumbatiana kama walivyokumbatiana jana. Pascoe akaweka mdomo karibu na sikio la Ambrose.

"Nisamehe kwa lile la begani. Nilikosa shabaha. Nilikuwa nalenga jicho la kulia."

Ambrose akakaza kumbatio.

"Kwa nini la kulia?"

"Si aliniagiza mzee wako? Mtu mwema yule, Mungu ambariki. Ndiye aliyemleta daktari jana jioni. Leo alfajiri akaniambia konde la raundi ya tatu lishuke jicho la kulia, tena liguse kweli kidogo, kwa sababu kamera iko upande huo."

Refa akawatenganisha.

Msomaji, tangu asubuhi Ambrose hakuwa ameiona kamera ile hata mara moja akiwa katikati ya ulingo. Alikuwa akiisikia tu ikikereza. Na alikuwa akiisikia kushoto kwake, upande wa giza.

Kamera haikuwa kulia. Haikuwa kulia hata kidogo.

Kumbe Loomis alijua. Alijua habari ya jicho, alijua mkono wa Pascoe utakuwa jiwe, akayakutanisha mawili hayo. Lakini siri ile ilikuwa ya watu wawili, na mmoja wao ni Ambrose mwenyewe.

"Sasa," aliita Wexler. "Anguka."

Glavu yenye utepe ikapita mbele ya pua yake. Ambrose akaanguka.

Alilalia shavu la kushoto, jicho zima likabaki juu, limeelekea kona yake. Refa akaanza kuhesabu polepole, jinsi Wexler alivyotaka. Na aliyeangushwa hasogei. Akisogea filamu imeharibika na kila kitu kinaanza upya. Alilala kimya, moyo ukipiga kwenye mbao.

Moja. Aliona ndoo ya maji na sponji ya manjano ukingoni mwake.

Mbili. Aliona viatu vya Mzee Loomis, kisha magoti yake, kwa kuwa mzee alikuwa anachutama.

Tatu. Loomis alitazama kulia, akatazama kushoto. Watu wote walikuwa wanamtazama bingwa aliyelala. Akatia mkono ndani ya koti, akatoa chupa ya buluu.

Ambrose aliijua chupa ile tangu Troy. Ni ile dawa ya farasi. Kule mazizini palikuwa na jike moja la kijivu, mpole, aliyekuwa akichuliwa bega, dawa ikamrukia jichoni. Alipiga mateke hadi akavunja ubao wa zizi. Kulipokucha jicho lilikuwa jeupe, na tangu siku hiyo akawa anaongozwa kwa kamba. Loomis alikuwepo. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika chupa.

Refa aliendelea kuhesabu. Loomis hakumimina dawa kwenye ndoo. Aliimimina kwenye sponji, akaikamua kidogo isichuruzike, akaiweka mahali pake.

Ambrose alitaka kupiga kelele. Angesema nini? Kwamba mzee aliyemlea anataka kumpofua? Wangesema bingwa amechanganyikiwa. Kwanza glavu, sasa sponji. Angeulizwa kwa nini aogope sponji usoni, naye angelazimika kusema habari ya jicho. Bondia wa jicho moja hapewi pambano tena, wala mkanda haumkai kiunoni.

Saba. Alimtafuta Honora. Alikuwa amesimama kando ya Loomis, mkono mdomoni.

Kama aliiona chupa, hakusema kitu.

Tisa. Ambrose akainuka. Jana aliinuka kwa hasira na watu wakaimba jina lake. Leo aliinuka kwa sababu ilikuwa zamu ya kuinuka. Akarusha makonde yasiyogusa, Pascoe akayapokea yasiyofika, na wote wawili wakawa wanangoja kengele, mmoja kwa maumivu na mwingine kwa woga.

Kengele ikalia. Wexler hakusimamisha kamera. Alitaka hata mapumziko yaonekane, bingwa akipepewa kwenye kigoda chake.

Ambrose akaketi. Enyi mnaowaonea wivu mabondia, hebu mfikirieni mtu huyo kwenye kigoda. Mikono yake imo ndani ya glavu, haiwezi kushika kitu. Hunyweshwa maji kama kitoto, hufutwa pua kama kitoto, huambiwa tema naye hutema. Miaka yote hiyo Ambrose alikuwa amefumba macho na kumwinulia Loomis uso wake bila kufikiri.

"Fumba macho, mwanangu," alisema Loomis kwa upole uleule. "Nikupanguse vumbi."

Sponji ilikuja. Harufu ilifika kwanza.

Ambrose akakibana kifundo cha mkono wa mzee kati ya glavu zake mbili.

"Anza wewe."

"Nini?"

"Jipanguse wewe kwanza, mzee. Una vumbi na wewe."

Loomis alivuta, mkono haukutoka. Tone moja likaanguka kwenye paja la Ambrose, na ngozi ikawaka moto. Hapo shaka ya mwisho ikaisha.

"Kwa nini?" Ambrose aliuliza, na safari hii hakujali nani anasikia. "Wewe, kati ya watu wote?"

Loomis hakukana. Alimkaribia, akasema naye kama anayempa shauri la raundi inayokuja.

"Nilikuomba upumzike, umtaje yule bondia wangu kijana wa Milwaukee kuwa mrithi wako. Ukakataa. Desturi unaijua. Bingwa akistaafu bila kushindwa, amtajaye ndiye bingwa mpya. Sasa sikiliza, mwanangu. Bingwa mwenye jicho moja atapigwa mpaka afe, na watacheka. Bingwa aliyepofuka akicheza picha hakushindwa na mtu. Watamlilia, watamheshimu, watamsikiliza akitaja jina. Nimekuchagulia lenye heshima."

"Nani alikwambia habari ya jicho langu?"

"Usiniulize mimi."

"Nani?"

"Alikuja kwangu jana usiku umelala, amelia mpaka kope zimevimba. Akanishika mkono kama ulivyonishika wewe sasa. Mzee, akasema, fanya lolote, asipande tena ulingoni. Lolote." Loomis alilamba midomo. "Nami nilimwahidi mke wako, Ambrose."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

Ambrose aligeuza kichwa. Kiti cha Honora kilikuwa kushoto, kwa hiyo ilimbidi ageuze shingo yote, na kumwachia Loomis shavu lake la kulia. Kiti kilikuwa kitupu. Chini yake palikuwa na kipande cha utepe wa kijani.

Akasikia sketi kwenye ngazi za ulingo.

Alipogeuka tena, Honora alikuwa nyuma ya Loomis, amenyooka, uso mkavu. Mkasi alikuwa ameushika kama mtu ashikavyo kisu.

"Nilisema lolote," alimwambia yule mzee kisogoni. "Sikusema macho yake."

Loomis hakuthubutu kugeuka. Mkono wake uliobanwa ulianza kusukuma mbele, na sponji ikamkaribia Ambrose mpaka jicho lake zima likaanza kutoa machozi kwa harufu tu. Alikuwa na glavu mbili, na zote mbili zilikuwa zimeukamata mkono ule. Akiuachia ili amzuie mkewe, jicho limekwenda. Akiendelea kuubana, Honora atanyongwa katika jela ya Carson City kwa ajili yake, naye atabaki na jicho la kumtazamia akinyongwa.

Mkasi ulipanda juu. Kushoto kwake, kutoka upande wa giza, Ambrose aliisikia kamera ikikereza. Wexler alikuwa ameona kila kitu, na alikuwa bado anazungusha.